Tupeane uzoefu: safari za kwenda kuangalia maua Kitulo, na mliojaribu bustani nyumbani

Bogenvilia wa Kimara (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Leo nimefagia chini ya bogenvilia yangu, majani matupu, ua hata moja hakuna, mwaka wa pili huu. Nikiwa na ufagio mkononi nikakumbuka Januari ile niliposimama Kitulo, ile hifadhi ya maua kule nyanda za juu kusini, upepo unauma masikio, maua ya njano na ya zambarau yameenea mpaka macho yanapoishia. Nilikaa chini kwenye nyasi na kaptura yangu, nikasahau baridi. Waliokwenda waje watusimulie. Na wenye bustani nyumbani msipite kimya.

Mkulima wa Uyole
Umenikumbusha mbali. Kwa wanaopanga: maua ni Desemba mpaka Aprili, yaani mvua zikiwa zimekolea. Nenda Julai uone, utakuta nyasi zimekauka na asubuhi sakitu, ule umande ulioganda, imetanda. Wageni wengi wanakosea hapo, wanafuata ukavu kama wanakwenda kuangalia simba. Kitulo hakuna simba. Unatembea kwa miguu siku nzima. Okidi peke yake zipo aina 45, na nyingine ni ndogo kiasi kwamba usipoinama unazikanyaga.

Asumini Jioni
Kweli kabisa, lazima uiname.

Mpenda Safari
Mimi nilikwenda Februari. Nakiri, nilichimba okidi moja ya rangi ya waridi, nikaifunga gazeti bichi, nikasafiri nayo basi mpaka Dar. Nikaipanda kwenye chungu kizuri, udongo nimeununua, samadi imeiva. Siku ya kumi na mbili shina likalala. Aliyefanikiwa anieleze nilikosea wapi.

Binti Makete
Ulikosea pale ulipochimba. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, mkuu, siyo kitalu cha miche.

Mpenda Safari
Ni ua moja dada yangu. Wenzenu huko wanachimba magunia ya viazi vyake wanauza cha kupikia chikanda, kile chakula cha viazi vya okidi, mbona hamuwasemi?

Binti Makete
Tunawasema sana, na hifadhi ilianzishwa kwa sababu hiyo pia. Soko lenyewe liko ng'ambo ya mpaka, Zambia, ndiko wanakovitwanga na karanga wakapika. Kwetu mtu akichimba kiazi cha okidi ameua mmea wote, mwakani pale hapaoti kitu. Nimekulia huko. Kuna bonde nililopita nikienda shule, lilikuwa jekundu Machi nzima, na siku hizi ukipita ni nyasi. Kwa hiyo ukiniambia "ni ua moja" inaniuma, kwa sababu hata wao waliuza kimoja kimoja.

Mkulima wa Uyole
Msigombane. Mkuu Safari, hata ungeweka samadi ya dhahabu isingeishi. Okidi za ardhini zinategemea kuvu walio kwenye udongo wa palepale. Mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, inalishwa na hao kuvu. Ukihamisha mmea umemtenga na jirani anayemlisha. Na joto la Dar ulichukulie je? Kule ni mita 2,600 juu ya bahari.

Mpenda Safari
Nimeelewa. Naomba radhi kwa Binti Makete na wengine.

Mtoto wa Chimala
Hakuna aliyetaja njia? Zile kona 57 kutoka Chimala kupanda Matamba, ngoja niseme yaliyotukuta.

Ilikuwa Machi. Mama yangu alizaliwa Matamba, akaolewa Dar, hakurudi kwao kwa miaka 34. Alipotimiza 71 akasema hataki keki, anataka kuona maua. Tukakodi gari dogo, dereva kijana wa mjini aliyetuapia kwamba njia anaijua. Kona ya ishirini na kitu mvua ikashuka, si ya kawaida, ile inayoziba kioo. Udongo mwekundu ukageuka uji. Gari likapanda kidogo, likasimama, halafu likaanza kurudi nyuma lenyewe huku breki zimekanyagwa. Kushoto kwangu naona paa za Chimala chini kabisa, ndogo kama viberiti. Dada yangu akapiga kelele. Mama hakupiga. Alifungua mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Shukeni wote, wekeni mawe nyuma ya tairi." Tukashuka na viatu vya mjini, tukabeba mawe, mengine nilisukuma kwa tumbo. Gari likagota kwenye jiwe la tatu, tairi la nyuma liko hatua mbili kutoka ukingoni. Nimezipima kwa miguu yangu.

Hapo ndipo tukasikia lori la viazi linashuka kutoka juu. Honi tu, hatulioni kwa ukungu. Mama mwenyewe, na kanga yake kichwani, alitembea kupanda kona akipunga tochi ya simu. Lori likasimama. Utingo wake wakashuka na mnyororo, wakatuvuta bila kuuliza bei. Mama akawasalimia kwa Kiwanji, na mmoja wao akawa mjukuu wa mwanamke aliyesoma naye darasa la pili. Pale kwenye tope, mvua inanyesha, wanaulizana habari za watu waliokwisha kufa.

Tulilala Matamba. Asubuhi ukungu ulipoinuka, uwanda wote ulikuwa umewaka. Kulikuwa na yale marefu kama mienge, juu mekundu na chini njano, yamesimama mamia kwa mamia. Mama alipiga magoti kwenye okidi moja nyeupe, akaizungushia viganja bila kuigusa, kama mtu anayekinga kibatari na upepo. Akakaa hivyo muda mrefu. Sikumuuliza kitu.

Asumini Jioni
Nimelia mbele ya watoto.

Bogenvilia wa Kimara
Mkuu, mada nimekuachia. Dereva mlimfanya nini?

Mtoto wa Chimala
Alirudi Dar kwa basi kwa hiari yake. Gari tulishusha na fundi wa Matamba.

Fundi Bustani Tegeta
Pole sana na hongera kwa mama. Wanaokwenda masika wakodi gari la kuvuta magurudumu yote, au wapitie Isyonje kwa upande wa Mbeya.

Mkulima wa Uyole
Isyonje nayo ikinyesha ni tope vilevile, usiwadanganye watu. Waanze safari alfajiri, mvua ya kule hupenda mchana.

Fundi Bustani Tegeta
Mimi nimepita mara nne, sikukwama. Tuyaache. Mwanzisha mada, bogenvilia yako unaishibisha maji ndiyo maana inatoa majani. Inyime wiki tatu mpaka majani yaanze kulegea, halafu mwagilia mara moja. Utanishukuru.

Mama Wawili Bunju
Yangu naimwagilia kila siku na inachanua mwaka mzima. Shida ni kivuli. Ihamishe penye jua.

Mlinzi wa Waridi
Ikate. Kata ukiwa na hasira, ndipo unakata vya kutosha.

Asumini Jioni
Kwetu Unguja hatuhangaiki na hayo. Asumini unaichuma magharibi ikiwa bado imefumba, unaitandaza juu ya sahani na kitambaa kibichi, saa mbili usiku inapasuka chumba kizima kinanukia. Ukiiacha mtini mpaka asubuhi umechuma karatasi. Kila nyumba ipande asumini na mkilua kabla ya kufikiria maua ya baridi.

Mhamiaji Leiden
Niko Uholanzi, kila Aprili napita mashamba ya tulipu kwa baiskeli. Nilimpelekea mama yangu Tanga vitunguu vyake ishirini, vikatoa majani tu. Baadaye nikafundishwa kwamba vinataka baridi wiki kumi na zaidi kwanza. Mwaka uliofuata aliviweka kwenye friji, mbali na matunda kwa sababu hewa ya matunda yanayoiva inaua ua ndani. Vikatoka saba, vifupi, vikaishi siku nne. Aliita majirani wote.

Mama Wawili Bunju
Siku nne zinatosha!

Binti Makete
Mtoto wa Chimala, mama alirudi na chochote? Nauliza kwa nia njema.

Mtoto wa Chimala
Hifadhini hakuchukua hata jani. Ila yule rafiki yake wa darasa la pili bado yuko hai, ana dalia uani, akampa viazi vitatu vimefungwa kwenye mfuko wa unga. Viwili vilioza Dar. Cha tatu mama alikipanda kwenye ndoo iliyotobolewa, akaiweka chini ya mwembe ambako jua linafika asubuhi tu, na akawa anamwagilia maji ya mtungini kwa sababu yana ubaridi. Julai kikatoa ua moja jekundu, kubwa kama kisahani. Alilipiga picha akamtumia mwenzake.

Amenituma niulize. Atakayepanda mlima kwenda Kitulo Januari hii, kwenye kona ile tuliyokwama kuna mawe matatu pembeni, moja lina alama ya rangi ya gari letu. Anaomba picha.

Binti Makete
Nakwenda tarehe kumi. Nitapiga.