Tupeane uzoefu: Ulipouza nyumba Nairobi, uliteleza wapi?

KasukuWaDonholm
Jana nimepita Donholm nikaona kile kibao cha INAUZWA bado kinaning'inia kwa jirani yetu wa zamani. Kimepauka hadi namba ya simu haisomeki. Nikakumbuka yangu. Mwaka 2019 niliwapa mabroka sita nyumba moja nikidhani itatoka upesi. Kila mmoja akapachika chake juu. Mteja yuleyule akaletwa mara tatu kwa bei tatu, mara ya mwisho akaniambia, "Mzee, kwanza mkubaliane wenyewe." Akaenda zake. Nyinyi je?

MamaWawili_SouthB
Mimi ni rangi. Siku mbili kabla mteja aje nilipaka bafuni nyeupe kuficha unyevunyevu. Mama wa watu akaingia kimya, akabonyeza kidole palepale nyuma ya mlango. Rangi ikabaki kidoleni. Akauliza, "Na huku kwingine mmeficha nini?" Bomba lenyewe fundi alikuja kulitengeneza kwa elfu nne. Mteja alikuwa ameshaenda.

NjuguKavu
Unyevu hauna heshima 😂

BabaKay
Ngojeni niwape ya Buruburu. Mnunuzi alikuwa kijana mpole, salamu hadi za wajomba. Akaweka amana ya asilimia 10 kwa wakili, mkataba ukampa siku 90 amalize. Wiki ya tatu ananipigia: "Mzee wangu, niazime ufunguo Jumamosi, mke wangu apime mapazia." Mapazia tu jamani. Nikampa, tena nikajiona muungwana.

Jumapili natoka kanisani, jirani anapiga: "Hongera, lakini mbona hukutualika?" Kualika wapi? "Si kwako kuna hema na mbuzi anachomwa?"

Nilipofika nilikuta viti vyao sebuleni, godoro la mtoto limeanikwa chini ya mparachichi wangu. Mkewe akanikaribisha. AKANIKARIBISHA KWANGU! Akanipakulia mbavu. Nilikula, sitawadanganya, nilikuwa na njaa na hasira pamoja.

Siku 90 zikaisha, benki ikamnyima mkopo, na kuhama hataki. Anasema amenunua. Notisi, wakili, korti, miezi 14. Bili ya maji muda huo wote inakuja kwa jina langu.

MamaWawili_SouthB
Woi! Na huyo mbuzi alikuwa mtamu?

BabaKay
Chumvi ilipungua.

Shem_wa_Umoja
Ungeita vijana wa mtaa wakatoa viti barabarani, kazi ya nusu saa.

KaraniMstaafu
Halafu ashtakiwe yeye? Usimpe mtu ushauri wa jela. Ufunguo hutoka pesa zikikamilika, na hilo liandikwe kwenye mkataba. Pia kila upande uwe na wakili wake.

Shem_wa_Umoja
Wakili wawili wa nini? Mimi tulitumia wa mnunuzi, tukaokoa pesa.

KaraniMstaafu
Nani aliokoa?

NjuguKavu
Msisahau KRA pia, watu wa kodi, wanakata asilimia 5 ya faida.

BintiWaKahawaWest
Hiyo ilikuwa zamani. Tangu Januari 2023 ni 15, na anayelipa ni muuzaji. Ushuru wa stempu, asilimia 4 hapa mjini, ndio wa mnunuzi. Lakini ukiwa umeishi mwenyewe kwenye hiyo nyumba miaka 3 mfululizo hadi siku ya kuuza, umesamehewa hiyo 15. Mimi nilihamia Kitengela nikapangisha mwaka mmoja tu "ipate pesa kidogo" kabla ya kuuza. Msamaha ukaniponyoka. Kodi ya nyumba niliyokusanya haikufika hata robo ya nilichowalipa.

NjuguKavu
Asante dada, nimenyamaza.

Shem_wa_Umoja
Swali. Hati ni jina langu peke yangu. Kwa nini wakili anadai mke wangu asaini?

KaraniMstaafu
Ni nyumba mnayoishi kama familia? Basi sheria inataka ridhaa yake, hata kama jina lake halimo.

Shem_wa_Umoja
Nilijenga na jasho langu. Asiposaini nitauza tu.

Auntie_Langata
Jaribu uone.

Shem_wa_Umoja
Unanitisha?

Auntie_Langata
Hapana shemeji. Mimi ni mke wa mtu aliyejaribu.

MamaWawili_SouthB
😂😂😂 Uzi umefungwa.

NjuguKavu
Haujafungwa. Kalipeni ada za ardhi za kaunti mapema. Mimi nilikuta deni la miaka 9 na riba yake, mnunuzi anasubiri cheti cha kutodaiwa na mimi natafuta mkopo ili niuze nyumba.

KasukuWaDonholm
BabaKay, hatimaye uliuza?

BabaKay
Mwaka jana. Mnunuzi mpya naye akaomba aje kupima mapazia. Nilipanda kiti nikapima mwenyewe, madirisha yote saba, nikamtumia vipimo kwa WhatsApp.