Rangi inabanduka chini ya ukuta kila nikipaka, tatizo ni rangi au ukuta?

Mama Zawadi

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana huu ukuta umenichosha. Sebuleni kwangu kuna ukuta mmoja, ule unaopakana na nje, rangi yote ya chini inabanduka kuanzia sakafuni mpaka kama usawa wa goti. Inavimba kwanza inafanya malengelenge afu inapukutika, na chini yake kuna unga mweupe ukiugusa unabaki mkononi, lipu yenyewe imekuwa laini ukikwangua kwa kucha tu inatoka. Huko juu rangi iko safi kabisa. Kuta zingine za humohumo ndani hazina shida yoyote. Nimeshapaka upya mara kadhaa, inakaa vizuri kidogo afu tunarudi palepale.

Mafundi niliowaita kila mtu na lake. Wa kwanza kasema rangi ilikuwa feki. Wa pili anasema tukwangue, tupige skimu mpya (lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta), tumalizie na rangi ya mafuta ambayo maji hayapenyi. Wa tatu anataka tubandike marumaru hapo chini tusahau. Na kila mmoja anamcheka mwenzake. Bafu na jiko viko upande wa pili wa nyumba kwa hiyo sidhani kama ni bomba. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Mpenda Marumaru

Sikiliza huyo wa tatu. Marumaru dada yangu, mi kwangu niliweka na sijaona tena uchafu wowote, ukifuta na kitambaa kibichi kazi imeisha. Haya mambo ya kuchunguza chunguza ukuta yanakula muda tu.

Tindo

Dada usiweke marumaru kwanza, na usinunue rangi yoyote. Rangi haina kosa hapo, hata ungepaka ya bei kubwa kuliko zote ingetoka tu, kwa sababu kuna maji yanatokea nyuma yake yanaisukuma. Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yakipita kwenye udongo na kwenye tofali yanayeyusha chumvi yanakuja nayo, yakifika usoni mwa ukuta yenyewe yanakauka yanaenda zake hewani ila chumvi inabaki, na inavyozidi kujikusanya inavimba ndani ya vitundu vya lipu mpaka lipu inasagika. Ndo maana unakwangua kwa kucha.

Ukibandika marumaru au ukipaka ya mafuta hujatoa maji, umeyaziba. Na maji yakizibwa pale chini yanatafuta pa kutokea, kwa hiyo yanapanda. Leo una shida usawa wa goti, baadaye utaiona juu ya marumaru, na marumaru zenyewe ukizigonga utasikia zinalia tupu kwa ndani. Huyo ndugu hapo juu anasema hajaona kitu, sawa, inawezekana ukuta wake haukuwa na shida hii, au kitu kipo ila kimefunikwa.

Swali ni maji yanatoka wapi. Kwa ukuta wa chini wa nje njia ni chache. Moja, yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi, tofali inayavuta yanavyopanda mafuta kwenye utambi, na hayo kwa kawaida hayazidi sana usawa wa mita moja. Mbili, yanaingia kwa ubavu kwa sababu nje kuna kitu kimeegemea ukuta. Tatu, mvua inadunda chini na kurukia ukutani, au gata linavuja. Nne bomba. Tano ni jasho la hewa ya ndani, yaani mvuke wa kupika na kupumua ukikuta ukuta wa baridi unageuka maji, ila hilo kwa kawaida linakuja na ukungu mweusi pembeni na nyuma ya makabati, haliji na chumvi nyingi hivyo.

Kwa hiyo nijibu: huko nje, kwenye ukuta huohuo, kuna nini?

Mzee wa Pima Maji

Tindo kamaliza, naongezea vipimo viwili vya bure. Hapo ulipokwangua rangi, bandika kipande cha nailoni inayoonyesha, ukubwa wa karatasi ya kuandikia inatosha, zungusha selotepu pande zote nne hewa isipite, uache siku mbili. Ukiona matone upande wa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa mbele unaoangalia chumbani, hiyo ni hewa ya ndani na dawa yake ni kufungua madirisha tu, huna haja ya fundi.

Cha pili ni bomba, usiseme "sidhani". Bomba linaweza kupita chini ya sakafu ya sebule likienda huko jikoni bila wewe kujua. Usiku wakati hamna mtu anatumia maji funga koki zote, angalia mita, andika namba, asubuhi kabla mtu hajafungua maji angalia tena. Ila kama una tanki linalojijaza lenyewe lifungie kwanza, vinginevyo litakudanganya.

Mama Zawadi

Asanteni sana jamani. Mita nimeangalia haijasogea hata kidogo. Nailoni nayo nimefanya na maji yako nyuma, upande wa ukuta, tena mengi.

Huko nje kuna bustani ya maua tu. Tuliikuta wakati tunahamia, wenye nyumba wa zamani walijenga kijiukuta cha matofali mbele wakajaza udongo katikati, kwa hiyo udongo umeegemea ukuta wa nyumba, na mi namwagilia kila jioni maana kuna mawaridi na jasmini. Ile karatasi nyeusi inayowekwa juu ya msingi naiona upande wa kule kwenye mlango ila pale penye maua haionekani, nadhani imefukiwa. Hiyo inaweza kuwa ndo sababu kweli? Maua si yanakunywa hayo maji?

Tindo

Haahaa dada, umemaliza kesi mwenyewe. Maua yanakunywa kidogo, ukuta unakunywa mengine.

Hiyo karatasi nyeusi, DPC, kazi yake ni kukata njia ya maji yanayopanda kutoka chini. Inafanya kazi endapo udongo wa nje uko chini yake, na kipimo ni angalau sm 15 kati ya udongo na karatasi, ili hata mvua ikidunda isiirukie. Sasa nyie mna udongo mbichi umepanda juu ya karatasi, unagusa tofali moja kwa moja, maji yanaingia kwa ubavu yameshairuka. Karatasi inaweza kuwa nzima kabisa huko ilipo ila haina la kufanya. Ndo maana kuta zingine ni kavu.

Kwa hiyo akija mtu kukwambia atoboe matundu achome sindano za dawa ya kuzuia unyevu, mwambie asubiri. Hiyo dawa ina mahali pake, kwenye nyumba za zamani zisizo na karatasi kabisa, ila kwako ungelipia kitu ambacho tayari unacho.

Ondoa udongo kwenye ukuta. Kazi yenyewe ni hiyo, haya mengine ni kumalizia tu.

Bustani Kwanza

Ngojeni kwanza msimuue mtu mawaridi yake. Mama Zawadi, huhitaji kubomoa bustani yote. Sogeza tu, acha nafasi kati ya udongo na ukuta, nusu mita hivi ingependeza na unapata pa kupita ukitaka kupaka rangi. Jenga kijiukuta cha nyuma ili bustani isimame yenyewe kama sanduku, na chini upande wa mbele wacha matundu ya kutolea maji yasielekee nyumbani.

Mawaridi yanahamishika vizuri yakiwa yamepunguzwa matawi, chimba mbali na shina utoe mizizi na bonge lake la udongo, jioni au siku ya mawingu, na shimo jipya liwe tayari limemwagiliwa kabla hujang'oa. Jasmini kama ni ile inayopanda usiirudishe ukutani, iwekee fremu yake isimame mbali kidogo. Mmea ukiufunika ukuta jua na upepo havifiki, ukuta hautakauka.

Mzee wa Pima Maji

Na hiyo nusu mita itakayobaki usiiache iwe mkondo wa maji. Shusha udongo mpaka uone karatasi halafu endelea sm 15 chini yake, ila angalia usichimbe mpaka chini ya kitako cha msingi, ukifika pale ukachimba ukuta mzima kwa mkupuo unaweza kuulegeza. Fanya vipande vipande.

Mwinamo uelekee nje. Kwa ardhi ya udongo mafundi wengi wanaenda na sm 5 kwa kila mita, ukimwaga zege au kupanga matofali hata sm 2 kwa mita inatosha. Weka ubao mnyoofu, juu yake weka pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, ndo utajua, macho yanadanganya sana. Kama huwezi kupata mwinamo kwa sababu kiwanja chote kinaleta maji kwako basi chimba mtaro mdogo, tandika kitambaa cha kuchujia, kokoto, bomba la matundu la sm 10, matundu yakiangalia chini, kokoto tena, funika na kitambaa. Bomba lishuke sm 1 kwa mita na liwe na mahali pa kumwaga. Nimeona watu wanatengeneza mtaro mzuri usio na pa kutokea, hicho ni kisima.

Juu ya ukanda huo mwaga kokoto badala ya kusakafia, mvua ikidunda kwenye kokoto hairuki sana na ukuta unapumua. Na angalia gata.

Mama Zawadi

Nimeelewa sasa. Mume wangu kashaanza kuchimba na kweli karatasi ipo, iko chini ya udongo kabisa. Sasa ndani? Nikishatoa udongo naweza kupaka lini? Kuna wageni wanakuja nataka pawe pasafi. Na hiyo skimu ya fundi wa pili?

Tindo

Wageni watakaa kwenye ukuta wenye makovu, hamna namna. Ukuta unakauka polepole sana, hesabu inayotumika ni kama mwezi mmoja kwa kila sm 2.5 za unene, na hapo hewa iwe inapita. Ukuta wa sm 15 au 20 ni miezi, siyo wiki. Ukipaka mapema unaanza upya.

Cha kufanya sasa hivi ni kuusaidia ukuta ukauke. Chukua tindo na nyundo utoe lipu yote mbovu mpaka tofali, uendelee kama sm 30 juu ya pale alama ya unyevu inapoishia, kwa sababu chumvi imeshaingia hata kwenye lipu inayoonekana nzima. Usiihurumie. Kuna chumvi zinazovuta unyevu wa hewani, zikibaki humo ukuta utaonekana mbichi siku za mvua hata kama maji ya chini yamekatika. Mabaki usiyamwage bustanini wala kuyasaga urudishie. Chumvi inayotokea kwenye tofali ifagie kwa brashi ikiwa kavu, usioshe na maji, ukiosha inayeyuka inarudi ndani. Vaa barakoa, hilo vumbi si zuri.

Skimu ya jipsamu hapo chini sahau, jipsamu na unyevu haviivi chungu kimoja. Ukuta ukikauka piga lipu yenye chokaa, sementi moja, chokaa moja, mchanga sita, mchanga uliooshwa na siyo wa baharini. Inaruhusu unyevu uliobaki utoke. Chokaa inaunguza ngozi na macho kwa hiyo glavu na miwani. Lipu ikikomaa paka rangi ya maji ya kawaida inayopitisha hewa, achana na ya mafuta.

Mpenda Marumaru

Kwa hiyo marumaru zangu nifanyeje?

Tindo

Gonga na kifundo cha kidole mstari wa chini wote. Zikilia sawa ziache. Zikilia tupu, toka nje ukaangalie udongo wako uko wapi.

Bustani Kwanza

Mama Zawadi kitu kimoja cha mwisho, usitumie tena mpira kumwagilia kwa kurusha juu, ukuta unalowa kila jioni bila sababu. Mwaga chini kwenye shina, asubuhi, mara chache ila maji ya kutosha. Mawaridi yenyewe hayapendi majani mabichi usiku, yanapata ukungu.