Shule zilifungwa tangu Machi, leo tunadaiwa ada kama vile watoto walikuwa darasani. Wazazi wa Dodoma tunapigwa mchana kweupe!

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, ila kama una mtoto shule binafsi hapa Dodoma kaa chini usome, maana kama hayajakukuta yako njiani.

Juni 16 mwaka huu wa 2020 Rais Magufuli aliposimama bungeni kuvunja Bunge na kusema shule zote zifunguliwe Juni 29, mtaani kwetu Ilazo watu walipiga vigelegele, na mimi nikiwemo. Watoto walikuwa nyumbani tangu Machi 17 Waziri Mkuu alipotangaza kufunga shule kwa ajili ya korona. Mwenye watoto wawili wanaofungua friji kila baada ya nusu saa anajua nasema nini. Sukari ilipanda, malimao na tangawizi vikawa dili, hela haionekani. Tukasema basi, Mungu mkubwa, angalau watoto wanarudi darasani.

Kumbe wenzetu wa shule walikuwa wanatusubiri na kalkuleta.

Wikiendi ile kabla ya kufungua ikaja barua kwenye kundi la wazazi. Shule siitaji jina, wanaosoma uzi huu na watoto wao wako pale watajua wenyewe. Barua ina muhuri, ina salamu ndefu, ina "tunamshukuru Mungu kwa kutuvusha". Ukishuka chini ndiyo unakutana na habari yenyewe. Awamu ya pili ya ada, ile ya Aprili, ilipwe yote. Awamu ya tatu ilipwe kabla mtoto hajaingia darasani. Kuna mchango wa tahadhari ya korona, elfu 40 kila mtoto. Gari la shule limetoka elfu 60 kwa mwezi hadi elfu 85 kwa sababu eti watoto watakaa kwa nafasi. Ada yetu ni 1,600,000 kwa mwaka, awamu nne za laki nne nne. Nina watoto wawili, darasa la nne na la kwanza. Piga mwenyewe, ongeza na sketi mpya maana ya zamani imekuwa kama ya netiboli, na sketi yenyewe inauzwa shuleni tu.

Sasa nielezeni mimi mwenzenu mshamba. Aprili mlimfundisha nani? Mei mlimfundisha nani?

Najua kuna mtu atakuja kusema "walikuwa wanatuma masomo kwa WhatsApp". Ndiyo, walituma. Walituma picha za kitabu, zimepigwa kiupande, nyingine gizani, na swali la tano limefunikwa na kidole gumba cha mpiga picha. Bando nanunua mimi, simu yangu, kufundisha nafundisha mimi, kusahihisha nasahihisha mimi. Bora hata vile vipindi vya redioni na kwenye TV, mtoto alikaa akasikiliza mtu anaeleza jambo toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyeniletea ankara.

Halafu kuna hela ya chakula. Hii ndiyo inaniuma kuliko zote. Chakula tulilipa Januari, muhula mzima, uji wa saa nne na chakula cha mchana. Watoto wameondoka katikati ya Machi. Ule mchele na maharage ya kuanzia hapo hadi Juni nani kala? Kwangu walikula wanangu, kwa hela yangu, ya pale shuleni haijarudi hata mia. Barua nzima haina neno "chakula" hata kwa bahati mbaya. Nimemuuliza mhasibu, akaniambia "mzazi, hiyo bajeti ilishatumika". Imetumika kupikia nani, mizimu?

Ngoja niwaambie mimi nafanya nini mjue kwa nini nina hasira. Nina stationery jirani na chuo kimoja hapa mjini. Tanzania hatukufungiwa ndani. Kenya walikuwa na kafyu, Uganda na Rwanda watu walikatazwa kutoka nje, sisi soko la Majengo liliendelea, daladala ziliendelea, makanisa na misikiti vikawa wazi. Vilivyosimama kweli ni shule, vyuo, mpira na mikusanyiko. Lakini Dodoma ukitoa serikali ni mji wa vyuo. UDOM, St John's, Mipango, CBE, vijana wote wale waliondoka ndani ya siku chache. Mageto yakabaki na makufuli, mama lishe wakazima majiko, bodaboda wakawa wanalala juu ya pikipiki mchana. Mimi mashine ya fotokopi niliifunika shuka. Kuna siku nzima nilikuwa nauza kalamu moja na vocha ya jero, nafunga naenda nyumbani.

Mwenye fremu alikuja kudai kodi kama kawaida. Mzee wa watu, Mgogo wa hapa hapa, hana mkurugenzi wala bodi. Tukakaa kwenye kigoda nje, tukaongea, akasema nimpe nusu, nyingine nimalizie mwisho wa mwaka Mungu akijalia. Yakaisha. Barua haikuandikwa wala muhuri haukupigwa.

Juni 1 vyuo vikafunguliwa, vijana wakarudi, nikavua shuka mashine. Sikusimama mlangoni nikawaambia "nyinyi Aprili na Mei mngetoa fotokopi kwangu, kwa hiyo lipeni kwanza zile ambazo hamkutoa ndiyo niwahudumie". Wangeniona nimechanganyikiwa, na wangekuwa sahihi. Sasa mbona akifanya mwenye shule inaitwa utaratibu?

Nije kwenye utetezi wao, nisionekane natoa povu tu.

Wanasema silabasi yote itamalizwa, serikali imeelekeza yaongezwe masaa mawili kila siku kufidia, darasa la saba mtihani wao ni Oktoba, kwa hiyo mtoto atapata mwaka wake kamili na ada iwe kamili. Hapa wana hoja, nakubali. Kama kweli wanangu watafundishwa yote, sina tatizo kulipa kilichofundishwa. Lakini basi tukae tupange upya hizo awamu zifuate masomo, siyo unanidai Aprili na Julai kwa mkupuo mmoja getini, kwa mtu ambaye ameanza kuuza fotokopi mwezi jana.

Wanasema wana mkopo benki. Sawa, nani hana. Mei hii Benki Kuu iliyaruhusu mabenki yakae na wakopaji walioathirika wapange upya marejesho. Mlienda? Au mliona rahisi zaidi kuja kwetu?

Wanasema, na hili ndilo limenifanya nifungue uzi, kwamba ada ya miezi ile ni kwa ajili ya mishahara ya walimu waliokuwa nyumbani. Wakuu, mimi Mei nilikuwa sokoni. Soko gani nalisitiri. Nimeinama nachagua nyanya za sado, nikanyanyua uso kulipa, muuzaji ni mwalimu wa pale shuleni. Kajitanda kanga kichwani na barakoa juu. Tukaangaliana. Nikasalimia "mwalimu, shikamoo", nikaitikiwa kwa sauti ya chini, nikaongezewa fungu la mchicha ambalo sikuliomba. Tukaongea pembeni. Tangu Aprili hakuna mshahara. Waliitwa wakaambiwa ni likizo bila malipo, asiyeridhika aandike barua ya kuacha kazi. Siyo mmoja, walimu wote isipokuwa wakubwa wa ofisini. Nimethibitisha kwa wawili wengine baada ya ile barua, wote wanasema vile vile na wote wameniomba nisiwataje.

Kwa hiyo tuelewane. Walimu hawakulipwa. Gari halikutembea, dizeli haikununuliwa. Jiko halikuwashwa. Madarasa yalifungwa, na umeme na maji hayakutumika. Halafu tunaambiwa tulipe gharama za kipindi hicho. Gharama zipi? Maana naona kama korona ilibebwa na mzazi upande huu na mwalimu upande ule, katikati mtu amekaa kivulini anasubiri Juni 29.

Sasa hiyo Juni 29 yenyewe. Nimewapeleka mwenyewe. Mnaijua asubuhi ya Dodoma kipindi hiki, upepo unapuliza vumbi hadi kwenye meno, watoto wamejikunyata kwenye masweta. Getini kuna meza, mhasibu na kaunta buku lake, pembeni mlinzi ana kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Mlinzi anasoma kwa sauti, 33, 32, 33, na kijana mwingine anaandika kwa bidii kabisa. Akanipima na mimi, 31. Kwa kipimo kile mimi ni marehemu, lakini nikaruhusiwa kuingia. Ambaye hakuruhusiwa ni mtoto asiye na joto wala kikohozi ila jina lake halina tiki kwa mhasibu. Hao waliambiwa wasimame chini ya mwarobaini. Walikuwa wengi, wa kwangu wakiwemo. Hakuna cha mita moja pale, wamebanana kama kuni. Yule mdogo kakumbatia madaftari, anamuuliza dada yake, "kwani tumefukuzwa?"

Nililipa. Nilitoa hela ya mzigo wa karatasi, nikalipa awamu moja na ule mchango, wakaingia. Usiniambie ningegoma, nenda kasimame wewe pale na wanao wanalia mbele za wenzao.

Na huo mchango wa elfu 40. Shule ina watoto zaidi ya mia tatu. Ukichukua mia tatu tu ni milioni 12. Nilichokiona kwa macho ni ndoo tatu za koki, moja inavuja, na kipande cha sabuni kimetiwa kwenye soksi kikaning'inizwa kisipotee. Ndoo ya namna ile sokoni unafungiwa koki na bado kwenye mchango wa mtoto mmoja unarudi na chenji. Binti yangu anasema maji yaliisha mapumziko ya saa nne na hakuna aliyejaza. Gari la "kukaa kwa nafasi" ndiyo msiniulize, Jumatano yule wa darasa la kwanza karudi amepakatwa.

Kundi la wazazi halina msaada. Dodoma yetu tunaijua, nusu ya wazazi ni watumishi, wengine asubuhi wako Mtumba kwenye ofisi za wizara, mshahara haukukatika hata mwezi mmoja, na siwaonei wivu. Ila mtu anaandika "jamani tulipe tu yaishe, elimu haina bei". Mama mmoja anayeuza chakula jirani na chuo akamjibu vizuri tu, kwa heshima, kwamba mwenzio sijawasha jiko tangu Machi. Basi likawashwa moto pale, watumishi upande huu, wafanyabiashara upande huu, na kabla hatujafika kwenye swali la chakula uongozi ukafunga kundi, sasa wanaandika wao tu. Wanatutumia mistari ya Biblia kila asubuhi.

Kuna kikao cha wazazi Jumamosi. Najua kitakuwaje, tutapewa soda, tutaimbiwa na watoto, maswali yatakuwa "mawili tu kwa sababu ya muda". Safari hii tumejipanga wachache, tunataka mambo manne yaandikwe: hela ya chakula ya Machi hadi Juni ihamishiwe muhula huu, awamu ya pili igawanywe hadi Desemba, mchango wa korona uwe na mchanganuo, na mtoto asisimamishwe tena chini ya mti kwa deni la mzazi.

Ninachoomba kwenu wakuu ni uzoefu, siyo pole. Kuna shule hapa mjini nasikia zimepunguza ada ya awamu ya pili, nyingine zimerudisha chakula. Kama mwanao yuko huko, tuambie mlikubaliana vipi, na kama kuna barua weka hapa, futa jina la shule na la mtoto. Nitaichapisha mwenyewe, mashine ninayo, nigawe nakala kila kiti kabla kikao hakijaanza.

Na wamiliki wa shule najua mko humu mnasoma kimya kimya. Karibuni mjibu, hatumtukani mtu. Ila ukija kutuambia ada ya Aprili ilikuwa ya mishahara, njoo na karatasi ya mishahara ya Aprili yenye sahihi za walimu.