Kutaja bei ya hoteli kwenye mnada wa intaneti: je, inafaa kwa msafiri wa Lubumbashi?

Mama wa Kamalondo

Nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi na mume wangu tunajitayarisha kwenda Brussels kwenye arusi ya mpwa wetu. Nyumba ya ndugu zetu huko itakuwa imejaa wageni, kwa hiyo tunahitaji chumba cha hoteli, lakini bei zinazotangazwa ni nzito kwetu, hasa baada ya tiketi za ndege kula sehemu kubwa ya akiba. Binti yetu anatuambia kwamba kuna minada ya intaneti ambako mtu hutaja bei anayoiweza, na hoteli ikikubali, chumba kinakuwa chake. Nawaomba wenye ujuzi watueleze jambo hili linavyokwenda kwa kweli, na kama ni busara kulifanya sasa, kwa sababu visa bado hatujapata.

Mzee wa Kampemba

Mama, nianze na visa, kwa maana hapo ndipo fedha hupotea. Ombi la visa ya Schengen, yaani visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ubelgiji ikiwamo, linadai uthibitisho wa mahali mtakapolala, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, ambayo hairudishwi hata mkikataliwa. Chumba kilichonunuliwa kwa mnada nacho, kwa kawaida, hakifutwi wala hakirudishiwi fedha. Mkikinunua leo na ubalozi ukakataa kesho, mtakuwa mmepoteza mara mbili. Kwa sasa wekeni nafasi katika hoteli inayokubali kufutiwa bila malipo, hata kama bei yake ni ya juu kidogo. Visa ikishatoka, ndipo mtafute cha bei nafuu, na mkikipata, mfute kile cha kwanza kabla ya tarehe yake ya mwisho na kuchukua karatasi za hoteli mpya safarini, kwa sababu polisi wa mpakani anaweza kuziomba.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Aliyelieneza zaidi ni Mmarekani Jay Walker, ambaye kampuni yake, Priceline, ilianza mwaka 1998 kuwaruhusu wasafiri kutaja bei yao wenyewe, kwanza kwa tiketi za ndege na baadaye kwa vyumba vya hoteli. Msafiri alichagua mtaa wa mji, idadi ya nyota na tarehe, akataja bei na kutoa namba ya kadi ya benki. Hoteli ikikubali, kadi ilikatwa papo hapo, na hapo tu ndipo alipojua jina la hoteli. Ikikataa, alilazimika kubadilisha mtaa, nyota au tarehe, au kungoja saa 24, ndipo ajaribu tena. Wajanja waligundua kwamba wakiongeza mtaa usio na hoteli yoyote ya nyota walizotaka, walipata nafasi ya kupandisha dau bila hatari ya kutupwa mbali.

Kwa nini hoteli ikubali? Chumba kilicholala kitupu usiku huu hakiuzwi tena kesho. Mama anayeuza lengalenga kwenye soko la Mzee Kabila hushusha bei jioni kwa sababu hiyohiyo, ila hoteli haitaki wateja waliolipa bei kamili wasikie, ndiyo maana huficha jina lake. Punguzo mnalopata ni malipo ya kukubali kutojua mnalala wapi na kutoweza kugeuza nia. Naomba mlishike hilo, kwa sababu watu wengi huona punguzo peke yake.

Tena njia ile ya kutaja bei imekwisha kufifia. Priceline iliifunga hatua kwa hatua, tiketi za ndege zikitangulia mwaka 2016. Kilichobaki ni mauzo ya hoteli zilizofichwa jina, ambako bei imekwisha kupangwa na wewe unakubali au unakataa, kama yale yanayoitwa Express Deals hapo Priceline na Hot Rate hapo Hotwire, tovuti nyingine ya safari.

Mama wa Kamalondo

Aksanti sana, Mzee. Tutafuata ushauri wa visa. Lakini binti yetu anasema ameona mnada wenyewe kabisa, watu wakishindana mpaka saa ya mwisho, na bei ikianzia euro 1. Je, huo nao umekwisha?

Mfanyabiashara wa Rwashi

Mama, huo upo. Nadhani anasema juu ya Vavabid, ambayo watu wa Ubelgiji wanaitumia sana. Ndugu yake wa Uholanzi anaitwa Vakantieveilingen. Hapo hakuna kufichwa jina, kwani hoteli unaiona na picha zake. Ile euro 1 ya kuanzia isiwasisimue. Kabla ya kugusa chochote, tafuteni bei ya hoteli hiyohiyo, tarehe hizohizo, pamoja na kodi zote, mahali pengine palipo wazi, hata kwa kuipigia simu hoteli yenyewe. Kisha andikeni kwenye karatasi bei ya juu kabisa mtakayokubali, na humo ndani mtoe ada ya usimamizi ambayo mnada huongeza juu ya dau la mshindi. Bei ikipita hapo, mwacheni mwingine ashinde. Toleo lilelile la hoteli ileile mara nyingi hurudishwa mnadani tena na tena, kwa hiyo kushindwa leo hakuwaondolei kitu.

Kwenu ninyi lipo jambo zito zaidi. Mshindi mara nyingi hapewi tarehe. Hupewa hati, na ndipo huomba nafasi hotelini. Kwa watu wanaokwenda kupumzika wakati wowote hilo si neno, lakini ninyi mna siku ya arusi isiyosogea, na wikiendi ndiyo hujaa kwanza au kutozwa nyongeza. Binti aulize hoteli, kabla ya kutaja dau, kama tarehe zenu ziko wazi kwa wenye hati, na aangalie kama bei ni ya mtu mmoja au ya chumba kizima. Jibu lisipokuwa wazi, mimi nisingeshiriki.

Mimi huenda Dubai kuleta bidhaa, na huko nimejifunza kutazama malipo yasiyoonekana. Tangu mwaka 2014 kila chumba cha hoteli hutozwa Tourism Dirham, yaani ada ya utalii, dirham 7 hadi 20 kwa usiku kufuatana na daraja la hoteli, na mara nyingi hulipwa pale mapokezi. Brussels nayo ina kodi yake ya malazi. Bei rahisi ya mtandaoni bila hizo si bei kamili. Kwenye hoteli zilizofichwa jina, tena, huahidiwi aina ya kitanda: wanandoa wanaweza kupewa vitanda viwili vidogo, na hamtakuwa na haki ya kulalamika.

Mwalimu wa Katuba

Naongeza moja kuhusu ndege, kwa kuwa wengi wetu hapa hupitia Addis Ababa. Mashirika kadhaa, Ethiopian likiwamo, humwalika mwenye tiketi ya daraja la kawaida kutaja kiasi ambacho angeongeza ili akae daraja la juu. Huu ni mnada usio na hasara kubwa, kwa sababu kadi haikatwi mpaka dau likubaliwe, na likikataliwa unabaki na kiti chako. Lakini dau huhesabiwa kwa kila abiria na kwa kila kipande cha safari. Mkitaja dola 200, kwa watu wawili ni dola 400, na hiyo ni ya Lubumbashi hadi Addis tu. Kwa safari ya Mama, ambapo shida ni akiba, nisingeugusa mnada huo kwa kipande hicho kifupi. Ningeweka fedha hizo kwenye chumba kilicho karibu na ukumbi wa arusi, muwe mnakwenda kwa miguu na kuokoa nauli ya teksi za usiku.

Mama wa Kamalondo

Nawashukuru nyote kwa moyo. Tumekubaliana na mume wangu: leo jioni tunaweka chumba kinachofutika, na binti ataipigia simu hoteli ile ya mnada kuuliza tarehe zetu. Visa ikitoka na hoteli ikajibu vizuri, dau letu halitapita bei ya chumba hiki cha kwanza ukitoa robo, ada ikiwa ndani.

Mzee wa Kampemba

Robo ni kipimo kizuri, Mama. Punguzo likiwa dogo kuliko hapo, bakini na chumba cha kwanza, kwa kuwa harusi huahirishwa na ndege hubadilisha saa. Na kadi iwe ya binti au ya mume wako, jina lililo juu yake lilingane na la mwenye nafasi, kwa sababu mapokezi wanaweza kuomba kuiona.