Naomba ushauri: tabaini yangu inapandisha joto kila nikiiwasha

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, natengeneza injini ndogo ya tabaini (inayozungushwa na gesi ya moto) kwa kutumia tabo ya lori, yaani turbocharger. Inatumia mafuta ya taa, na hewa ya kuanzia naipuliza kwa blowa.

Tatizo ni dakika ile ya kuwasha. Nikifungua mafuta haraka, moto unatokea nyuma na joto la ekzosi linapita nyuzi 850 kabla mzunguko haujashika kasi. Jana nilizima mbio mbio nikihofia mapanga ya tabaini yasiharibike. Nikibana mafuta, inawaka lakini inagoma kupanda, na nikitoa blowa tu inakufa.

Naelewa kwamba mwanzoni kompresa inasukuma hewa kidogo, hivyo mafuta yanapaswa kufuata hewa. Halafu hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko Dar, na vipimo nilivyoanza navyo ni vya pwani.

Je, niongoze pampu kwa presha inayotoka kwenye kompresa, au kwa kasi ya mzunguko, huku sensa ya joto ikikata mafuta? Na blowa niitoe wakati gani? Aliyewahi kufanya anisaidie tafadhali, tabo nyingine sina.