Warsha ya kulehemu kwa wanaoanza: je, kidhibiti cha taa za LED kinafaa kuwa kazi ya kwanza?

Mratibu
Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Ninaandaa warsha ya saa 4 kwa watu wazima ambao hawajawahi kushika chuma cha kulehemia, na ninataka kila mmoja aondoke na kidhibiti chake cha utepe wa taa za LED aina ya WS2812B, ambacho ataweza kukipangia rangi na mwendo wa taa apendavyo. Saketi yenyewe ni ndogo: moduli ya ESP32 (kompyuta ndogo inayoziamuru taa), kapasita moja, rezista moja, chipu ya kupandisha volti ya data, tundu la adapta na kiunganishi cha nyaya tatu za kwenda kwenye utepe. Wenzangu wanasema pini za moduli zimekaribiana mno kwa mikono isiyozoea, hivyo tuanze na taa ya kuwakawaka ya betri. Mimi naamini mtu hujitahidi zaidi akijua kwamba anachokitengeneza atakitumia. Je, niendelee? Na nitumie lehemu yenye risasi au isiyo na risasi?

Fundi wa bodi
Endelea, ila moduli isilehemiwe moja kwa moja kwenye bodi. Walehemu soketi za pini, kisha moduli ichomekwe juu yake. Mtu akiharibu soketi hasara ni ndogo, na moduli inabaki salama. Kabla ya hapo wape vipande vya bodi tupu wafanyie mazoezi kwa nusu saa hivi, na usiwahurumie katika hilo.

Jambo la kusisitiza ni kwamba ncha ya chuma iguse kwa pamoja duara la shaba na mguu wa kifaa, ikae hapo sekunde moja au mbili, ndipo waya wa lehemu uletwe kutoka upande wa pili ili uyeyushwe na joto la kiungo chenyewe, wala si na ncha. Ondoa waya kwanza, chuma baadaye. Kiungo kizuri hupanda kuuzunguka mguu kwa mteremko. Kikikaa kama tone la mviringo juu ya shaba, basi shaba haikupata moto na kiungo hakijashika, hata kama kinang'aa.

Kuhusu lehemu, mchanganyiko wa bati 63 na risasi 37 kwa mia huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi, ilhali nyingi zisizo na risasi huhitaji takribani 217 au zaidi, na viungo vyake hufifia hata vikiwa vizima, jambo linalomchanganya mwanafunzi. Kwa watu wazima ningechagua yenye risasi, mradi wanawe mikono na pasiwe na chakula mezani. Kwa watoto, isiyo na risasi, bila mjadala. Moshi unaouona hutoka kwenye flaksi, yaani kemikali ya kusafisha shaba iliyo ndani ya waya wa lehemu, nao huwasha mapafu; weka feni ya kuuvuta mbali na nyuso.

Mwalimu wa elektroniki
Nakubaliana na fundi. Mimi nasisitiza kwamba bodi yoyote isipewe umeme kabla ya kupimwa, moduli ikiwa bado haijachomekwa. Weka multimita (kipima umeme) kwenye mlio, gusa njia ya volti 5 na ya hasi. Ikilia mfululizo kuna shoti. Ikilia kidogo kisha ikanyamaza, hiyo ni kapasita inajichaji, msihangaike nayo. Hakikisha pia mstari ulio ubavuni mwa kapasita umeelekea hasi, na mshale wa utepe unaelekea mbali na kidhibiti.

Adapta nayo ipigiwe hesabu. Kila LED ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula hadi miliampea 60, kwa hiyo taa 60 zinaweza kufika ampea 3.6. Tundu la USB la kompyuta halitoshi, na ni busara kuweka kikomo cha mwanga ndani ya programu.

Mpenzi wa taa
Naomba msiiache ile chipu ya kupandisha volti ya data, maana wengi huiona ya ziada. ESP32 hutoa data kwa volti 3.3, wakati WS2812B inayolishwa volti 5 hutaka angalau 3.5 ili itambue ishara. Mara nyingi taa huwaka tu bila chipu hiyo, kisha siku nyingine zinaanza kuchezacheza, na mwanafunzi anadhani viungo vyake ni vibovu. Chipu ya 74AHCT125 inafanya kazi hiyo vizuri. Pia pakia WLED, programu ya kuendesha taa, kwenye moduli zote mapema, ili taa zisipowaka mjue pa kutafutia. Nyekundu ikitokea kijani, ni mpangilio wa rangi kwenye programu, asiguse chuma.

Mratibu
Nashukuru sana. Nitanunua soketi za pini na lehemu ya 63/37, moduli nitazipakia programu na kuzijaribu nyumbani, na meza ya multimita itakuwa kati ya washiriki na adapta, ili asiwepo atakayefika kwenye umeme bila kupita hapo.

Fundi wa bodi
Ongeza utepe wa shaba wa kunyonya lehemu, wa kutosha meza zote. Kwenye soketi za pini ndiko madaraja ya lehemu, yaani lehemu inayounganisha pini mbili kimakosa, hutokea zaidi.