Naomba ushauri: sukari ya asubuhi haishuki

Jambo wandugu. Tuko Bukavu, huku Kadutu. Mama anachomwa insulini ya mchanganyiko 30/70 (30 ya haraka, 70 ya polepole): yuniti 20 asubuhi, 10 jioni, dakika 30 mbele ya chakula. Kabla ya bugali ya jioni kipimo ni 140, lakini akiamka ni 230 mpaka 260. Tumebadilisha sehemu ya kuchoma, tumefungua chupa mpya, tunaiviringisha mkononi mpaka dawa iwe nyeupe sawasawa. Seringi ni ya 100, sawa na insulini yake (yuniti 100 kwa mililita). Ile ya 40 ingezidisha dozi mara mbili na nusu! Usiku hatujapima, bandeleti (vijikaratasi vya kupimia sukari) ni bei kali.

Tupime saa tisa usiku siku ngapi mbele ya kurudi kwa daktari? Na ikishuka chini ya 70, dozi ya jioni ndiyo hupunguzwa?